Dalali wa Watu Wawili

Haya alinieleza shangazi Kulusumu mwaka wa hamsini na nne, siku ile ile aliposhuka basi la kutoka Busia. Ndani ya basi, kwenye kiti kilichotazamana na chake, walikaa Mutwalibu, dalali wa nyumba pale Tororo, na Norah, mjane aliyekuwa akihamia chumba alichotafutiwa na dalali huyo. Watoto wake watatu walikuwa wamelala, wamemwegemea.

"Mzee Dauda mwenye nyumba anajua nina watoto?" Norah aliuliza.

"Nilimwambia wewe ni mtu mmoja, tena mtulivu."

"Na hawa je? Ni mizigo?"

"Mama, wewe ulitaka chumba, yeye alitaka utulivu. Mimi nawasemea wote wawili."

Shangazi anasema kazi hiyo ilimchosha hata yeye aliyesikiliza tu.

"Kule Buteba shemeji amekwisha kuchukua nyumba yangu, sina pa kurudi. Tukifika mlangoni, utasema ya nani?"

"Tufike kwanza, mama."

Norah aliuliza tena na tena mpaka usingizi ukamchukua. Mutwalibu alibaki macho, midomo ikijaribu maneno ya kumwambia mzee, haya akiyaacha, yale akiyashika, mpaka naye akalala.