Iteka Ana Baba Wangapi?

Kijiwe chetu ni benchi la chuma nje ya duka la simu, karibu na stesheni ya Granville, na chupa ya kahawa ni yangu. Wananiita Kiberiti kwa kuwa nawaka upesi. Jioni hiyo alikuwapo Murhula, Mkongomani wa kabila la Washi, mfanyakazi wa bohari, tunamwita Profesa. Na Mwangi, dereva wa basi kutoka Nairobi, tunamwita Refa. Ubishi ulikuwa juu ya Iteka, binti wa dada yetu wa kanisani, Goreth, mjane wa Kirundi. Binti huyo alisukumana na msichana wa Kizungu kantini ya shule. Mwenzake akarudi darasani. Iteka akasimamishwa masomo wiki mbili.

Profesa: Baba ya ule mwingine walimupigia simu, akafika mbio. Kwa Iteka hawakupigia mutu.

Refa: Wangempigia nani, buda? Si ulienda kikao cha wazazi ukasema wewe ndiye babake?

Profesa: Goreth alikuwa shifti! Kwetu baba mudogo ni baba. Na weye, siku ya michezo ulisema nini?

Refa: Babake, pia.

Mimi: Mmeona? Baba Mshi, baba Mkikuyu. Mimi sisemi uongo, ndiyo maana sikwenda.

Profesa: Hukwenda kwa uvivu.

Refa: Kompyuta ya shule iliona mababa wawili ikagoma. Ikapeleka kesi Canberra, kwa serikali kuu.

Profesa: Kule kuko ofisi nzima ya kuhesabu baba za Waafrika. Na satelaiti. Juu ya nini basi yako iko na kamera?

Mimi: Acheni upuuzi! Mtoto ameonewa. Kosa moja, adhabu mbili, na mezani pa walimu hakuna aliyejua baba mdogo ni nini. Tumegonga milango mwaka mzima kwa ajili ya watoto kama yeye. Sasa shule, kituo cha vijana na sisi wa kanisani tunakaa meza moja. Tumekubaliana: mtoto hasimamishwi kabla watu wake hawajasikilizwa, na yeye mwenyewe anataja wa kupigiwa simu. Kikao cha kwanza ni cha Iteka, kesho. Akirudi darasani, shule za vitongoji jirani, Liverpool na Campbelltown, zitaiga.

Profesa: Ni mutego. Watatupiga picha na biskuti. Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe.

Refa: Hiyo ni ya kulima, Profesa. Biskuti imeingiaje?

Goreth akatokea, sare ya nyumba ya wazee mwilini, anawahi treni.

— Kaka zangu, tumepewa viti vitatu kikaoni. Kesho saa tatu asubuhi nani anakuja?

Profesa akatazama buti zake. Refa akatazama basi ambalo hata si lake. Nikainua chupa kumimina, haikutoa tone. Sote tuna shifti asubuhi.

— Iteka ameshataja majina, akasema Goreth. Ni nyinyi watatu.

— Na mimi?

— Na wewe. Kasema, “yule anayefoka.”

Profesa akatoa simu, akaanza kumbembeleza msimamizi wake kwa Kiingereza na Kifaransa pamoja. Refa akasogea pembeni kutafuta wa kubadilishana naye zamu. Nikampigia bosi wangu: kesho nachelewa, nina jambo la mtoto wangu shuleni.

Bosi akashangaa. Tangu lini nina mtoto?

Mimi sisemi uongo.

— Tangu leo, nikamjibu.