Dereva wa Tunduma Katika Mitaa ya Woolwich

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2018, Bwana Protas Lyaruu anastaafu udereva katika huduma yetu ya usafiri ya Twende Pamoja hapa Woolwich. Ametutumikia karibu miaka thelathini, akiwapeleka wazee na wagonjwa hospitali, hekaluni, msikitini, kanisani na sokoni, na kuwarudisha kwao wakiwa wazima na mikoba yao. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi Lila ndiye niliyekaa ofisini muda mrefu kuliko wote, nikimpangia safari na kupokea simu za malalamiko. Kwa haki yake niseme mapema kwamba malalamiko yalikuwa mengi mwanzoni tu.

Protas ni mzaliwa wa Kibosho. Alipokuja London mwaka 1986 kumfuata mkewe Generosa, aliyekuwa amepata kazi ya uuguzi, alikuwa dereva mzoefu wa malori ya Moshi hadi Tunduma. Aliamini kwamba mtu aliyeteremsha lori la mbao kwenye mlima Kitonga, breki zikinuka, hawezi kubabaishwa na barabara za lami zenye mistari iliyochorwa vizuri. Mtahini wa leseni hakukubaliana naye.

Mtihani wa kwanza aliufanya kiwiko kikiwa dirishani. Alipokaribia kona alipiga honi ndefu, kama anavyofanya dereva yeyote mwenye huruma huko nyumbani, ili aliye upande wa pili ajue kuna mtu anakuja. Mtahini aliruka kwenye kiti, na bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia maua yake aliangusha ndoo. Katika mtihani wa pili alifika kwenye kipilefti, ule mzunguko wa makutano, akaona upenyo, akachomekea mbele ya gari lingine.

"Kwa nini hukusubiri?" mtahini alimwuliza.

"Niliona nafasi," Protas akajibu.

"Nafasi ilikuwa ya yule mwingine."

Baada ya kufeli mara hizo mbili ndipo alipokutana na Avtar Singh, fundi makenika kutoka Tanga aliyeanzisha Twende Pamoja akiwa na basi dogo moja lililotumika sana. Avtar alimwajiri Oktoba 1988 awe msaidizi wa abiria, na kila Jumapili alimpa gari lake mwenyewe ajifunzie. Jumapili moja, baada ya kushikilia mlango kwa mikono miwili kutoka Plumstead hadi Greenwich, alimpa hukumu ambayo tumeirudia ofisini mpaka leo: "Protas, unaendesha vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba bado uko Tunduma."

Leseni ilipatikana katika mtihani wa tatu. Avtar akamkabidhi basi, nasi tukadhani mambo yamekwisha. Yalikuwa bado, kwa sababu kuna jambo moja ambalo hakuna mtahini aliyemfundisha, nalo ni lugha ya taa.

Mtu aliyeendesha nyumbani anajua kwamba gari linalokuja mbele yako likikupigia taa, maana yake ni moja: nakuja mimi, kaa pembeni. Hapa London maana yake ni kinyume: nimesimama, pita wewe. Basi siku moja Protas aliingia kwenye mtaa mwembamba, magari yameegeshwa pande zote mbili, akakutana uso kwa uso na basi kubwa la abiria. Dereva wa basi, kwa upole, akampigia taa. Protas akarudi nyuma. Dereva akashangaa, akampigia tena. Protas akaongeza mwendo wa kurudi nyuma, akina mama ndani wakishikana mabega. Walifika hivyo mpaka mwisho wa mtaa. Yule dereva aliacha usukani, akateremka, akatembea hadi dirishani kwake na kumwambia, "Bwana, nimekuomba upite tangu asubuhi."

Tulicheka sana. Hatukujua kwamba upande wa pili wa kosa hilo ungetugharimu.

Wiki chache baadaye, Februari 1990, Protas alikuwa akimrudisha Mama Usha kutoka kliniki. Mama Usha alikuwa mjane wa Kitanga, mwembamba, mwenye miguu mibovu na ulimi mzima. Barabara ilibanwa na mafundi wa mabomba, gari moja tu liweze kupita kwa wakati mmoja. Upande wa pili kulikuwa na gari la mikate. Protas, akiwa na haraka, alimpigia taa: nakuja mimi. Dereva wa mikate aliona heshima aliyofanyiwa, akainua mkono wa asante, akaingia. Walikutana katikati.

Mwendo haukuwa mkubwa. Taa zilivunjika, mikate ikamwagika, na Mama Usha akagonga goti kwenye kiti cha mbele. Lakini goti la mtu wa umri ule si jambo dogo. Alilala hospitali siku kadhaa, na kamati yetu ikaitishwa. Baadhi ya wajumbe walisema wazi kwamba Protas ni mtu mwema lakini hafai kubeba wagonjwa. Avtar, aliyezoea kumtetea, safari hii aliwaachia wao waamue. Mimi nilikuwepo nikiandika kumbukumbu za mkutano. Protas alikaa karibu na mlango, kofia magotini, hakutoa udhuru wowote. Alisema tu, "Nilimwambia neno kwa lugha asiyoijua. Kosa ni langu."

Ndipo mlango ukafunguliwa, Mama Usha akaingia na magongo mawili. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amekuja kwa teksi, na teksi yenyewe aliisema vibaya kabla hajakaa.

"Nasikia mnataka kumfukuza kijana," alisema.

Mwenyekiti wa kikao akamweleza taratibu kwamba wanafikiria usalama wake.

"Usalama wangu naujua. Huyu ameniumiza goti mara moja. Lakini ndiye pekee anayezima injini na kunisubiri mpaka niingie ndani na kuwasha taa. Wengine mnaniacha mlangoni natafuta ufunguo gizani na mvua inaninyeshea. Mfundisheni hizo taa zenu. Mkimfukuza, na mimi simo."

Kamati ilimpa Protas onyo na miezi miwili ya kukaa mbali na usukani. Watu wengi wangeitumia miezi hiyo kulalamika. Yeye alikuwa akimaliza kazi ya kusaidia abiria anakwenda kusimama kando ya kipilefti kikubwa, amejifunga skafu ya Generosa, akiwatazama madereva kama wengine wanavyotazama mpira. Alitazama nani anampisha nani, kidole kinachoinuliwa kwenye usukani kina maana gani, na honi inapigwa lini. Kuhusu honi alirudi na uchunguzi ambao sijausahau. "Lila," aliniambia, "nyumbani honi ni salamu, ni onyo, ni kuuliza kama kuna abiria. Hapa honi ni tusi. Ndiyo maana wanaitoa mara moja tu, halafu wanajifanya siyo wao."

Tangu aliporudi kwenye usukani hajaumiza mtu. Tena ile tabia yake ya kumsubiri abiria mpaka awashe taa ndani imekuwa sheria ya Twende Pamoja, na kila dereva mpya huisikia kutoka kwake siku ya kwanza. Madereva wote tulio nao leo wamefundishwa na Protas. Wengi ni watu wa kwetu waliokuja na viwiko vyao dirishani, naye huwaondolea kimoja kimoja.

Nisidanganye kwamba Tunduma ilimtoka kabisa. Mwaka 1997 basi lilizimika kwenye mteremko wa Shooters Hill, nyuma kidogo ya kona. Pembetatu ya tahadhari ilikuwa chini ya kiti chake. Protas hakuigusa. Alikata matawi kwenye ua wa nyumba ya jirani, akayapanga barabarani hatua baada ya hatua, kazi safi ambayo dereva yeyote wa Morogoro angeipigia makofi. Mwenye ua aliita polisi. Kijana wa polisi aliyatazama yale matawi kwa muda, akauliza kwa adabu kama kuna sikukuu ya dini. Magari ya Waingereza yaliyapita kwa ustaarabu mkubwa, yote yakiwa yamewasha endiketa, na hakuna hata moja lililosimama kuuliza kumetokea nini. Hilo ndilo lililomuuma Protas kuliko faini ya ua. Alisema nyumbani wangekuwa wamekwishamtukana, kisha wangesukuma.

Lakini London ilikuwa imemwingia kuliko alivyojua, na hilo aligundua mwaka 2006. Alipigiwa simu kwamba mama yake, Mama Anastasia, ni mgonjwa sana. Aliruka usiku huohuo. Alimkuta Kibosho anahema kwa shida, homa imempanda, na ndugu wakibishana nani ampeleke hospitali mjini. Protas alichukua funguo za pikapu ya mdogo wake, akamkalisha mama mbele, wakaondoka.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika barabara kuu ya Moshi na Arusha. Protas alisimama, akaangalia kulia, akasubiri pengo. Lori likapita. Akampisha mwenye pikipiki, akampigia taa mwenye basi kwa lugha ya London kwamba apite, na mwenye basi akapita na wenzake wote waliokuwa nyuma yake. Nyuma ya pikapu honi zikaanza.

"Baba," mama yake akasema kwa sauti ya kukatika, "tunamsubiri nani?"

"Wapite kwanza, Mama."

"Wote?"

Barabara ile Protas aliikulia. Aliwahi kuingia pale na tani za mahindi bila kufikiri, na sasa, mama akiwa amebanwa na kifua pembeni yake, mguu ulikataa kuachia klachi. Mama Anastasia hakungoja. Aliteremsha kioo, akafungua kitenge alichojifunika mabegani, akatoa mkono mzima nje na kukipunga. Lori la saruji likafunga breki. Nyuma yake yote yakasimama. Dereva wa lori akachungulia, akamwona yule bibi, akapiga kelele, "Pita, Mama! Pita!" na kulikingamisha lori lake barabarani ili mwingine asichomekee.

Daktari alisema ni kichomi, na kwamba wamewahi. Mama Anastasia alipona, akaishi miaka mingine minne, na kila aliyemtembelea alimsimulia jinsi mwanawe alivyokwenda Ulaya akasahau kuendesha gari. Protas mwenyewe ndiye aliyetuletea habari hiyo ofisini. Alipofika kwenye neno "Wote?" alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa nifike kwenye kustaafu kwenyewe, kwa maana wengi wenu mnadhani ni umri tu. Mwezi Machi mwaka huu, asubuhi ambayo alikuwa na abiria sita, Protas alikuja ofisini akaweka funguo mezani kwangu.

"Lila, leo nitafutie mtu mwingine."

"Unaumwa?"

"Jana mwendesha baiskeli alitokea kushoto kwangu kama ametoka ardhini. Sikumgusa. Lakini alikuwepo muda wote, mimi ndiye sikumwona. Nimekwenda kupima. Ni presha ya macho. Pembeni sioni kama zamani."

Nilimwambia labda asubiri kwanza watoa leseni waamue, kwani daktari hakuwa amemkataza. Akatikisa kichwa.

"Ningekuwa naendesha peke yangu ningebisha. Nikiwa na wale akina mama nyuma, sibishi."

Hakuna aliyemlazimisha. Alitoka nje, akalizunguka basi lake mara moja akigusa bodi kwa kiganja, akarudi ndani kuomba chai. Miezi hii mitatu tumemweka kwenye simu, kazi ambayo, kwa upendo wote, haiwezi hata kidogo. Amewaambia watu "subiri kidogo" ambao mpaka leo nadhani wanasubiri. Matone ya macho yanamsaidia, na daktari anasema kilichobaki kitalindwa.

Habari njema ni kwamba nyumba ya Lyaruu haijakosa dereva. Generosa, ambaye miaka yote alisema gari moja na kichaa mmoja vinatosha, alianza masomo mwezi Aprili. Alikataa katakata kufundishwa na mumewe, akatafuta mwalimu wa kike kutoka Neasden. Wiki mbili zilizopita alifanya mtihani wake wa kwanza akiwa na miaka sitini na mbili, akafaulu. Ndiyo, wa kwanza. Protas ameomba jambo hili lisiandikwe, na kamati imekataa ombi lake kwa kauli moja.

Mzee Protas, familia ya Twende Pamoja inakushukuru. Umewabeba wazazi wetu kama wako, ulikiri kosa bila kutafuta mwenzako wa kulibeba, na ulijua siku ya kuacha kabla hatujathubutu kukuambia. Miaka yote hiyo ulipovuka mto kwa feri ya Woolwich, abiria walitazama maji, wewe ukitazama bampa ya aliye mbele yako. Ijumaa Generosa atakuja kukuchukua. Mwachie usukani, wala usikanyage breki ambayo haipo. Afya njema, macho yatunzwe, na mara hii utazame dirishani.