Zipporah Nasambu, Aliyejua Pa Kukata Neno

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya chai ya saa nne, Bi. Zipporah Nasambu atazima kompyuta yake katika chumba cha upangaji wa kurasa cha Kiwanda cha Chapa cha Mwalo, hapa Kakamega, na hataiwasha tena. Atakuwa ametutumikia kwa miaka thelathini na minne. Kazi ya kuandika haya machache nimepewa mimi, nadhani kwa sababu meza yangu ya kuunganisha vitabu imetazamana na mlango wake tangu nilipoajiriwa, na nimeuona mgongo wake umeinamia maneno mara nyingi zaidi kuliko nilivyouona wa mama yangu umeinamia jiko.

Mama Nasambu, kama tunavyomwita sote, alizaliwa Kabras katika boma la wakulima wa miwa. Baada ya kidato cha nne alisomea uchapaji katika chuo cha ufundi, na mwaka wa 1991 akaja kwetu kupanga herufi za risasi. Walio wadogo humu kiwandani hawakuzijua herufi hizo. Kila moja ilikuwa kipande cha madini, unaiokota kwa vidole kutoka kwenye droo yake na kuipanga kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, mpaka mstari ujae. Neno lisipoenea mwishoni mwa mstari, ni wewe uliyeamua likatwe wapi. Ulilitamka kimoyomoyo, ukaweka kistari, ukaendelea.

Wanaoikumbuka miaka hiyo wanakumbuka pia harufu ya wino na mafuta ya taa, na jinsi mashine kubwa ilivyotikisa vioo vya madirisha ilipochapa. Mvua ya alasiri ilipoanza, karatasi zilivimba kwa unyevu, kazi ikasimama, na Mama Nasambu akaanzisha wimbo. Alikuwa na sauti ya pili nzuri sana. Siku hizi karatasi zinakaa katika chumba kikavu na kazi haisimami. Nashukuru, lakini huo wimbo wa mvua umekwisha.

Kompyuta zilipoletwa, mkurugenzi wetu Bw. Oliver aliogopa kwamba wapangaji wa zamani wangezikataa. Mama alikuwa wa kwanza kuketi mbele ya moja. Ukurasa uliomchukua siku nzima ulimchukua sasa asubuhi moja. Jambo moja tu lilimkera: ile programu ilikata maneno yenyewe bila kuuliza, na ilikata vibaya. Iliandika "wat-oto". Iliandika "kit-abu" na "mwan-amke". Ilipofika kwa ng'ombe ilidhani ile ritifaa ndiyo mwisho wa neno, ikamwacha "ng" juu na kumpeleka "ombe" chini. Tulicheka kwanza, kisha Mama akapita na kalamu nyekundu akarekebisha.

Siku moja mzee mmoja kutoka Mumias alirudisha kadi za harusi ya binti yake. Salamu za Kiarabu juu ya kadi zilikuwa ndefu kuliko mstari, na programu haikujua kwamba maandishi yale husomwa kutoka kulia. Ilipoyagawa mistari miwili, ilipandisha maneno ya mwisho juu na kuyateremsha ya kwanza chini. Mzee hakukasirika. Alimwekea Mama kadi mezani akasema, "Mama, hapa baraka zimefika kabla ya salamu." Tumelirudia neno hilo humu kiwandani kwa miaka mingi, kila mara mtu anapoomba mshahara kabla ya kuamkia.

Lakini jambo lililomgeuza Mama halikuwa la kuchekesha. Mwaka wa 2008 tulichapa kijitabu cha mazishi ya mwalimu mmoja wa Shinyalu, Sydney Shikanga. Kilipangwa siku ambayo Mama alikuwa kwao Kabras, na hakuna aliyekitazama tena kabla ya kuchapwa. Alhamisi asubuhi mjane, Bi. Christine, aliingia akiwa na nakala moja imefungwa kwenye leso. Pale jaladani, chini ya picha, jina lilikuwa limevunjwa: "Shik-" juu, "anga" chini.

"Sijakuja kugombana," alimwambia Mama. "Lakini hii jina mmeikata katikati. Watu watasoma Shik, halafu watasoma anga. Huyo ni nani? Mzee yangu alikuwanga mtu wa kuandika vizuri ubaoni. Jumamosi tunamzika. Sitaki aende kama amevunjika."

Mama hakumlaumu aliyekipanga, wala hakuitaja kompyuta. Alisimama, akamshika mkono Bi. Christine na kumwambia, "Pole sana, mama. Nenda ukapumzike. Nitakuletea mwenyewe." Tulichapa upya vyote. Ijumaa akapanda pikipiki na furushi mapajani mpaka Shinyalu. Nilikwenda naye kwa pikipiki ya pili, nikiwa nimebeba furushi jingine. Bi. Christine alitoka jikoni akiwa na unga mikononi, akajifuta, akapokea kijitabu kimoja. Alipitisha kidole chini ya jina, polepole, mwanzo hadi mwisho, kisha akalirudia tena. Baadaye akatuambia tusiondoke kabla ya kula. Tuliporudi mjini Mama aliniambia, "Bramwel, mimi nataka kujua ni nani anayeamua."

Jibu alilopewa na waliotuuzia programu lilikuwa fupi: ilikuwa ikifuata Kiingereza, na lugha nyingine haikuzijua. Wakamshauri azime ule ukataji. Akauzima, na kurasa zikawa mbaya kwa namna nyingine. Maneno yetu ni marefu. Neno refu lisipokatwa hushuka zima kwenye mstari wa chini, na mstari wa juu hubaki na mapengo mapana, kama kinywa kilichong'olewa meno. Basi akaanza kuweka alama kwa mkono ndani ya kila neno refu, alama isiyoonekana, ya kuiambia mashine kwamba kama ni lazima ukate, kata hapa. Alifanya hivyo katika vitabu vya kanisa, vijitabu vya kliniki, na magazeti ya shule. Alifanya hivyo miaka sita.

Mwaka wa 2014 aliajiriwa Quinter, mtaalamu wa kompyuta kutoka Kisumu, ambaye leo ndiye mkuu wa chumba cha upangaji. Wiki yake ya kwanza alikaa kando ya Mama akimtazama anavyoweka alama. Hatimaye akasema, "Mama, unaiambia kompyuta kitu kimoja kila siku. Si tuiambie mara moja ishike?"

Hapo ndipo urafiki wao ulipoanza, na ubishi wao pia. Quinter ndiye aliyetueleza jinsi programu inavyofikiri. Kwanza hutafuta mahali panaporuhusiwa kukatwa: penye nafasi, penye kistari, na ndani ya maneno kama imefundishwa silabi zake. Kisha hupima. Programu nzuri haitazami mstari mmoja tu. Huisoma aya yote, ikajaribu njia nyingi, ikachagua ile ambayo mapengo yake ni madogo kwa jumla, hata kama italazimika kubadili mstari wa kwanza ili kuuokoa wa mwisho. Mama alilipenda sana hilo. Alisema risasi haikumruhusu kurudi nyuma.

Quinter alitaka kanuni moja: kata baada ya kila irabu. Ilifanya kazi vizuri kwa "ki-ta-bu", kisha ikafika kwa "hos-pi-ta-li" na "daf-ta-ri" ikakwama. Mama naye alitaka "m" ya "mtoto" isikatwe kamwe, kwa kuwa haiwezi kubaki peke yake mwishoni mwa mstari kama mtu aliyeachwa na gari. Quinter akasema kisilabi imekamilika. Mama akasema kisilabi sawa, lakini macho hayapendi. Walibishana hivyo wakila chakula cha mchana, na mara nyingine tuliwaondolea sahani wao wakiwa bado na "ng'". Majina ya watu waliyawekea kanuni yake: yasiguswe. Kwa Kiluhya, Mama aliandika kanuni zote kwa lahaja yake ya Kikabras, halafu wateja wa Isukha wakamwonyesha kwamba wao huandika tofauti. Alicheka, akafuta, akaanza upya. Quinter, aliyekuja bila neno hata moja la Kiluhya, aliijifunza lugha hiyo kwa vipande, silabi baada ya silabi. Mpaka leo akiamkia wazee hutamka kama anayehesabu.

Kazi hiyo ikawa fahari yetu. Kila aya ilitiwa alama ya lugha yake, hivyo ukurasa mmoja uliweza kubeba Kiingereza, Kiswahili, Kiluhya na Kiarabu, na kila lugha ikakatwa kwa desturi yake. Makanisa yaliacha kupeleka vitabu vya nyimbo Nairobi. Yule mzee wa Mumias alirudi kwa harusi ya binti wa pili.

Kisha mwaka wa 2019 tukapata kazi kubwa kuliko zote: vitabu vya kusoma vya watoto wa gredi ya kwanza, kwa lugha tatu, hadithi moja katika safu tatu nyembamba. Ilikuwa kazi ambayo Mama na Quinter walikuwa wameijengea zana kwa miaka mitano bila kujua. Kurasa zilitoka zimenyooka, hakuna pengo, kila kistari mahali pake. Bw. Oliver alizibandika ukutani. Nakala za majaribio zikapelekwa katika shule moja ya Shinyalu, na tukaandaa karatasi za kuchapa vitabu vyote kabla ya muhula kufunguliwa.

Mwalimu wa darasa hilo, Bi. Musimbi, alikuja mwenyewe. Alikuwa na haya kidogo, kwa sababu alijua tulivyojitahidi. Alisema watoto wanasoma vizuri mpaka mwisho wa mstari, kisha wanasimama. Wanaona "obu-" wanasoma "obu", wanamtazama usoni, wanangoja. Chini wanakuta "suma" wanaianza kama neno jingine. Obusuma, ugali wanaoula kila siku, hawakuutambua. "Mimi sijui mambo ya kompyuta," alisema. "Lakini mtoto anadhani amekosea, halafu ananyamaza. Akinyamaza, kumrudisha ni kazi."

Quinter alisema kwamba silabi zilikuwa sahihi, na kweli zilikuwa sahihi. Bw. Oliver alikumbusha tarehe ya kufungua shule. Mama aliomba nakala ile, akaisoma kwa sauti, akisimama kila mahali Bi. Musimbi alipoonyesha. Alifika nusu ya ukurasa akaifunga.

"Zima," alimwambia Quinter.

"Nizime nini, Mama?"

"Zote. Kwa hiki kitabu, neno lisikatwe hata moja."

"Kazi yetu yote hiyo?"

"Kazi yetu ni huyu mtoto asome."

Quinter alitoka nje, akakaa kwenye ngazi kwa muda. Aliporudi alivuta kiti akaketi kando ya Mama. Waliondoa safu tatu, wakaipa kila lugha ukurasa wake, wakakuza herufi, wakaanza kuvunja mistari kwa mkono. Kila mstari uliishia pale ambapo msomaji angevuta pumzi. Mama alisoma kwa sauti, Quinter akavunja, Bi. Musimbi akija jioni kutoka shuleni kusikiliza. Neno kama "na" halikuachwa likining'inia mwishoni, lilishushwa liende na mwenzake. Upande wa kulia wa kurasa ukawa haulingani, umepinda kama njia ya shambani, na Bw. Oliver aliyependa kingo zilizonyooka aliutazama kwa huzuni, lakini akatia sahihi. Vitabu vilichelewa siku chache. Shule zilitungoja.

Muhula huo tulialikwa Shinyalu. Msichana mmoja mdogo, Shantel, alisimamishwa asome hadithi ya ingokho, kuku aliyetaga mayai ndani ya kofia ya babu. Alisoma mstari wa kwanza, macho yakashuka, akasoma wa pili. Alikwenda hivyo mpaka chini ya ukurasa bila kumtazama mwalimu, na bila kuambiwa akafungua ukurasa uliofuata, kwa kuwa alitaka kujua kofia ilikuwaje. Mama Nasambu alitoka nje ya darasa. Nilimkuta amesimama karibu na tangi la maji akijipangusa macho. Aliniambia ni vumbi, na ilikuwa imenyesha asubuhi nzima.

Zile kanuni walizotunga bado zinafanya kazi kila siku katika vitabu vya watu wazima, na Quinter anafundisha vijana wengine wawili kuziendeleza. Mama amekuwa akikaa nyuma yao miezi hii ya mwisho bila kugusa kitu. Wakimuuliza, hujibu. Wasipomuuliza, hufuma.

Anakwenda Mautuma, ambako mumewe, Bw. Chrispinus, amelima mahindi peke yake kwa muda mrefu akimngoja. Ametuambia kwamba mwaka wa kwanza hatasoma kitu chochote kilichochapwa. Hatumwamini.

Mama, chumba chako kitakuwa kimya, nami nitakuwa nikiinua macho kutoka kwenye gundi yangu na kuona mlango mtupu. Ahsante kwa kila ukurasa, na kwa ile siku uliyokubali kuzima. Upate usingizi wa kutosha, mvua kwa wakati wake, na wajukuu wa kukusomea. Genda nu mulembe, nenda kwa amani.

Bramwel Were
Idara ya Majalada