Masouda binti Ismail, Aliyeulizwa Kabila Lake

Ndugu, majirani na marafiki mliojaa humu ndani mpaka wengine mmekaa kwenye ngazi, assalaamu alaykum. Najua wapo wanaojiuliza tangu lini katika matanga yetu hapa Hamriya, Maskati, mtu akasomewa historia yake, kwamba hii ni ada ya Wabara kanisani, na wana haki ya kuuliza, lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka, na mtu asiyependa kuomba kitu hanyimwi alichoomba kabla ya kufa. Mimi ni Radhia, wifi yake, na mama yetu Bi Mahbuba, mnayemwona pale kwenye godoro, ameniambia nisome yote, nisifiche hata lake.

Marehemu Masouda binti Ismail alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, katika kijiji cha kando ya mto Mekong, mkoa wa Kampong Cham, nchini Kambodia, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ismail, mfanyabiashara wa ng'ombe na mwadhini wa msikiti wao, na Bi Aminah, mfumaji wa hariri, na aliyemtangulia kuzaliwa ni dada yake Safia, aliyemfundisha kutembea, kusuka nywele na kujibu watu wazima kwa ujeuri.

Alisoma shule ya msingi na chuo cha Kurani hapo hapo kijijini mpaka Aprili 1975, shule zilipofungwa nchi nzima. Vita na mabomu ya Wamarekani vilikuwa vimekwisha kuwatia watu njaa na hasira, vijana wakakifuata chama kilichoahidi usawa, nacho kilipotwaa nchi kikasema usawa ni watu wote kuwa kitu kimoja, wakulima, lugha moja, vazi moja, bila dini, na asiyefanana na wenziwe akawa adui. Kwa Waislamu wa kabila la marehemu walianza na mambo ambayo mtu angesema si makubwa, wanawake wakakatwa nywele na kuvuliwa mitandio, kila mtu akapewa jina jipya, kisha misahafu ikakusanywa, kisha watu wakalishwa nguruwe huku wakitazamwa usoni, na kijiji kilipogoma kilipigwa, waliobaki wakatawanywa kwenye kambi za kazi. Mzee Ismail alichukuliwa mwaka huo huo, Bi Aminah akafa kwa njaa mwaka 1977, wakabaki wasichana wawili.

Mwaka 1978 wanawake wa kambi yao walikusanywa uani, wakapangwa mstari, wakaambiwa kila mmoja ataje kabila lake, Wacham wasimame upande huu na Wakhmer, kabila la walio wengi nchini, upande ule. Safia alikuwa mbele, akaulizwa, akasema yeye ni Mcham, akaenda kusimama upande wake. Akafuata marehemu, msichana wa miaka kumi na saba, akasema yeye ni Mkhmer, na alipoulizwa kama anamjua yule aliyepita mbele yake, akasema hamjui. Wale wa upande wa Safia walipakiwa mashuani jioni ile, na hakurudi hata mmoja.

Utawala ule ulianguka Januari 1979, naye akatembea hadi mpaka wa Thailand, na mwaka 1981 akapokelewa Kelantan, Malaysia, akajifunza ushoni. Huko ndiko kaka yetu Aflah, aliyepelekwa mafunzo na kazi yake, alikokwenda kushonesha suruali moja akarudi mara sita, wakaoana Kota Bharu tarehe 3 Julai 1992, na Septemba akamleta Maskati.

Hapa kwetu, mnajijua wenyewe, mgeni hajamaliza finjani ya pili keshaulizwa kabila. Bi Mahbuba alimuuliza kwa mapenzi tu, "Mwanangu, wee kabila gani?", na bibi harusi akageuka kutazama ni nani aliyesimama nyuma yake, na nyuma yake hapakuwa na mtu, akajibu, "Sina." Basi mtaa ukapata la kusema, wengine wakamwita mtoto wa kuokotwa, na Bi Mahbuba mwenyewe alikaa miaka akimtilia shaka. Alipokwenda kumwandikisha bintiye Nasriya shule, mwaka 2000, karani aliuliza kabila la mama, marehemu akatoka nje na kusimama juani mpaka Aflah alipomaliza.

Walijaaliwa watoto wawili, Nasriya mwaka 1994 na Sabah mwaka 1997. Mwaka 1996 alifungua duka la ushoni hapa Hamriya, na nusu ya nyinyi mlioko humu mmeolewa kwa nguo zake. Mteja aliyekuwa rafiki ni Evodia, Mhaya aliyefanya kazi za nyumbani mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na Evodia alipofariki mwaka 2006, marehemu alikwenda kumuaga kanisani Ruwi, akamsikia Bwana Desderius, Mbara mwenziwe Evodia, akisoma mbele ya watu wote alikozaliwa, wazazi wake ni nani, kabila lake lipi, akarudi nyumbani akasema na yeye akifa asomewe vile.

Mwaka 2008 jamaa wa Kelantan walimpigia simu kwamba kule Phnom Penh imeundwa mahakama ya viongozi wa utawala ule, wanatafutwa walionusurika waseme. Tulimwona akikonda, mashine haigusi, kwani kusema yaliyompata Safia ni kusema vipi yeye alipona. Ijumaa moja baada ya chakula alifunga mlango, akasimama mbele yetu, akasema kabila lake na mengine yote. Nilidhani mama atamfukuza. Mama akamnyoshea mkono, akasema, "Njoo ukae hapa. Mie nliulizwa Unguja, mwaka sitini na nne, mlangoni kwangu. Nikasema mie Mngazija, si Mwarabu, na huyu mumeo nimembeba mgongoni. Mpaka leo nlikuwa sijamwambia mtu." Tulilia sote, na sioni haya kulisema.

Novemba alikwenda Phnom Penh na Aflah, akalitaja jina la Safia mbele ya watu wa mahakama. Alirudi na maumivu ya tumbo, Januari ikaonekana ni saratani ya ini, na juzi Jumatano, tarehe 22 Aprili 2009, baada ya alfajiri, akafariki. Waliotoa amri bado hawajahukumiwa kwa ajili ya watu wake, mkubwa wao alikufa kitandani miaka mingi nyuma, na jambo hilo linanichoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Hamriya kwa vyungu na mikeka, wafanyakazi wenziwe wa dukani waliomwosha na kumkafini, na Wabara wa Ruwi, hasa Bwana Desderius, aliyenionyesha historia kama hii inavyoandikwa.

Marehemu aliogopa swali la malaika kaburini kuliko maumivu, nami nilimwambia Mola anajua kilichokuwa moyoni siku ile uani. Lala salama, Masouda binti Ismail, Mcham, mdogo wake Safia, na Safia unamjua.