Barua ya Darasa la Kwanza

Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa moto, na maneno yalikuwa moto zaidi. Kwenye benchi nje ya duka la Fundi, mshona nguo, walikaa wawili wa kila siku: Kinyozi, na mwalimu mstaafu waliyembandika jina Redio kwa kuwa hazimiki. Fundi alishona huku roho haijatulia. Mjukuu wake wa darasa la kwanza alirudi jana na habari kwamba darasa zima limeandika barua: mtaro ulio mbele ya shule ufunikwe. Wiki iliyopita mwenzao alitumbukia, akavunjika mkono.

— Watoto wa miaka saba kuiandikia serikali! alisema Kinyozi. Mimi umri huo hata kupenga kamasi sikujua.

— Hata sasa, alidakia Redio.

— Cheka tu. Leo mtaro, kesho watadai likizo ya mwaka mzima.

— Keshokutwa wataitisha uchaguzi nyumbani. Baba unang'oka, anaingia shangazi!

— Kwangu ameshaingia, alisema Kinyozi kinyonge.

Fundi alicheka, ila moyoni hakupenda. Mtaro huo aliuruka kila siku, mwaka wa tatu sasa.

— Waacheni waseme. Sisi tulionyamaza tumepata nini?

— Amani, alijibu Redio, akijiongezea kahawa.

Hapo mjukuu akatokea, viatu vimejaa vumbi, bahasha mkononi.

— Shikamoo babu. Shikamooni.

— Marahaba!

— Mwalimu katutuma tuulize wakubwa. Juu ya bahasha tuandike jina gani? Diwani wetu anaitwa nani?

Redio, anayewataja marais wa dunia nzima bila kumeza mate, alichungulia ndani ya kikombe. Kinyozi akakuna kisogo.

— Si yule... mrefu mrefu?

— Yule alishafariki, alinong'ona Redio.

Fundi aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Akavua futi ya kupimia shingoni, akafunika cherehani, akamshika mtoto mkono.

— Twende tukaulize.

Katika ofisi ya kata, karani aliinua macho, akamtazama Fundi.

— Karibu mzee. Una shida gani?

— Mwenye shida ni mimi, alisema mtoto, akijinyoosha bahasha ifike mezani. Huyu ni babu yangu. Nimekuja naye ajifunze.

Fundi akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti.