Chumvi Niliyomtilia Wifi Yangu Sungura

Ndugu waombolezaji, nimeomba kuisoma karatasi hii mwenyewe, maana marehemu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, na kuna mstari humu hakuna mwingine anayeweza kuusoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, binti wa mpiga pasi wa hospitali, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1964 akaanza kushona sare za shule katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, kazi aliyoifanya miaka arobaini na mmoja. Tarehe 12 Agosti 1967 alifunga ndoa na kaka yangu, wakajaliwa watoto wanne, na kuhusu tarishi mmoja aliyeleta suruali ileile kupunguzwa kila wiki ili tu amwone, leo nanyamaza.

Mwaka 2009 alikutwa na presha, daktari akamwambia apunguze chumvi na mafuta, naye kwa kuwa ni mtu wa vipimo, akanunua sahani ndogo, nusu yake akaijaza mboga za majani, kila asubuhi akaenda sokoni kwa miguu, nami nikambandika jina Sungura, nikalisambaza mtaa mzima, yeye akicheka tu na kusema, "Wifi, tutaona nani atamzika mwenzake."

Januari 2023 macho yalimfifia, nikahamia kwake kumpikia, akawa anasifia mboga za jirani, zangu anazila kimya, wivu ukanipanda, nikaanza kumtilia chumvi, kidogo, kisha si kidogo, naye akasema, "Sasa umejua kupika, wifi." Presha ilipopanda, muuguzi alimkaripia kwamba anakula kwa siri, wanawe wakamnunia, naye, bibi wa miaka sabini na sita, akaomba msamaha, huku mimi nimekaa pembeni, nimeshika mkoba wake.

Alipooza upande mmoja tarehe 28 Mei 2024, akafariki tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi. Daktari anasema umri nao ulichangia, lakini mwenye kijiko nilikuwa mimi.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na mafundi wenzake waliomshonea nguo ya mwisho, na yule muuguzi, kama yumo humu, ajue alimkaripia asiye na kosa, nanyi wanawe mjue, mama yenu hakula chochote kwa siri.

Wifi yangu, masharti uliyashika yote, aliyeyavunja ni mimi, pumzika kwa amani, nami nitakula katika sahani yako.