Malachy Considine na Kikombe cha Kaka Yake

Marehemu Malachy Considine, tunayemzika leo hapa Kilcorran, alizaliwa tarehe 9 Februari 1944, mtoto wa pili wa Bartholomew na Nora Considine, katika nyumba ileile ambamo wengi wenu mmekunywa chai tangu juzi mlipokuja kukesha naye. Wa kwanza alikuwa Senan, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Mama yao alizoea kusema kwamba ukimpa mmoja yai ni lazima umpe na mwenzake, kisha uyaweke yote mawili mezani wayapime kwa macho.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari kwa Mabruda mjini Ennis, akamaliza mwaka 1962. Hesabu hazikumpenda, lakini aliposoma shairi kwa sauti, darasa la jirani lilinyamaza. Alipata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, na jioni yeye na Senan waliigiza katika kikundi cha parokia, wakifanya mazoezi kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa hili na makoti mwilini kwa baridi.

Machi 1965 kikundi kilifika tamasha la maigizo la mkoa. Mnayajua matamasha yetu: pazia likifungwa hakuna anayeinuka, maana jaji hupanda jukwaani na kuwachambua waigizaji mbele ya mama zao. Senan alicheza baba, Malachy akacheza mtoto. Jaji alisema, "Kijana huyu ana sauti nzuri mno. Tatizo ni kwamba anaisikiliza yeye mwenyewe. Baba yake anawasikiliza wenzake." Kikombe cha mwigizaji bora akapewa Senan.

Senan hakusubiri chai. Ng'ombe alikuwa karibu kuzaa, akaondoka na kikombe ndani ya koti. Muda mfupi baadaye mwongozaji kutoka jumba moja kubwa la maigizo la Dublin aliingia nyuma ya jukwaa akauliza, "Yule baba yuko wapi?"

"Amekwenda kuzalisha ng'ombe," Malachy alijibu, rangi ya jukwaani bado usoni. "Lakini mwanawe yupo."

Hivyo ndivyo Malachy alivyokwenda Dublin, Septemba mwaka huohuo. Senan alipoulizwa dukani anaionaje habari hiyo, alisema, "Na ndama mwenyewe alikuwa dume."

Kuanzia hapo Malachy aliigiza Dublin, London tangu 1974, na katika filamu za Amerika tangu 1981. Alicheza majambazi, mapadri wengi na askofu mmoja. Kazi aliipenda kupita kiasi, na wenzake aliwaonea wivu vilevile. Jina lake likiwekwa chini ya la mwingine kwenye bango, siku hiyo hakula. Mara tatu aliteuliwa kuwania tuzo, na mara tatu alikaa kwenye kiti chake akimpigia makofi mtu mwingine huku akitabasamu. Mkewe alisema hapo ndipo alipoigiza vizuri kuliko popote.

Kila Krismasi alirudi nyumbani. Kikombe cha Senan kilikaa jikoni, juu ya kabati la vyombo, kati ya sahani za bluu. Kabla hajavua koti, Malachy alikigeuza, maandishi yakatazama ukuta.

"Kinakuuma nini, bwana mkubwa?" Senan alimuuliza. "Si wewe uliye kwenye sinema?"

"Jaji alipenda zile ndevu zako za bandia, basi."

"Ungevaa na wewe."

Kikombe kilibaki hivyo sikukuu nzima. Gari la Malachy likishapita daraja, Senan alikigeuza tena.

Senan naye hakuwa mtakatifu. Filamu ya mdogo wake ilipoonyeshwa Ennis, alikaa safu ya nyuma na kofia usoni, akatoka akisema farasi alijitahidi. Malachy akionekana kwenye televisheni, Senan alikumbuka ghafla kwamba hajalisha kuku. Kuku wa nyumba ile walinenepa sana.

Tarehe 12 Juni 1971 Malachy alimwoa Dervla Hession, fundi wa mavazi ya jukwaani. Wivu haukuwa wa akina Considine peke yao. Dervla aliposikia kwamba mumewe atambusu mwigizaji fulani kila jioni, alimshonea yule dada gauni lenye kola iliyofika masikioni. "Ndio mtindo wa enzi za tamthilia hii," alisema, na mwongozaji hakuthubutu kubisha. Walijaliwa binti mmoja, Sorcha.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Malachy aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, na Februari 2017 upasuaji uliondoa sauti yake. Yeye na Dervla walihamia kwa Senan. Kila alasiri Senan alimsomea tamthilia walizowahi kucheza, sehemu zake na za Malachy pia, naye Malachy alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Siku moja mwezi huu Senan aliacha kusoma, akamtazama.

"Sasa ndiyo unasikiliza, mdogo wangu. Ungefanya hivi mwaka sitini na tano, kikombe kingekuwa chako."

Malachy alinyoosha kidole kabatini, kisha akajigusa kifuani.

"Ng'o! Wewe ulichukua Dublin. Hicho ni changu."

Malachy alicheka bila sauti mpaka Dervla akamshika asianguke kitini. Kisha akaomba kwa mkono ainuliwe, akaenda kabatini, akakigeuza. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, Dervla na Senan wakiwa kando yake.

Ameacha mjane, Dervla, binti, Sorcha, wajukuu wawili, Oisín na Líadan, na kaka, Senan.

Mwanzoni mwa misa mmeona vitu vya maisha yake vikipelekwa altareni: kofia ya yule askofu, mkasi wa Dervla, picha ya kikundi cha parokia. Wengi mmeuliza kikombe kiko wapi. Sorcha alimwomba baba yake mkubwa akilete, akajibiwa, "Si chake."

Kipo jikoni, kimetazama ukuta. Malachy ameshapita daraja, lakini safari hii Senan hajakigeuza. Tukirudi nyumbani kwa chakula, tunaomba asikiguse mtu.

Mungu ampokee Malachy, mtoto wa Nora, na ampe utulivu.